Mkwe Wangu Hakuwa Mlevi

Daktari wa kwanza alimwambia mkwe wangu Efraín apunguze pombe. Wa pili akamwambia apunguze mawazo. Wa tatu alimpa mtihani kwa lugha ambayo si yake, Efraín akashindwa, kisha tukaambiwa kushindwa kwake hakuhesabiki kwa sababu lugha haikuwa yake. Mwaka mmoja na nusu ulikwenda hivyo, na muda wote huo ugonjwa ulikuwa ukiendelea na kazi yake. Leo Efraín ni marehemu. Naandika kwa ajili ya mtu ambaye sasa hivi amekaa kwenye chumba cha kungojea, kando yake yuko mgonjwa anayeambiwa si mgonjwa.

Naitwa Felistus Nekesa. Nilifundisha Kiswahili huko Bungoma kwa miaka thelathini na minne, nikastaafu, nikadhani nimemaliza kusahihisha makosa ya watu. Nilikuja Minnesota kwa miezi sita kumsaidia binti yangu Lydia aliyekuwa amejifungua, na mambo yakawa mambo, karatasi zikabadilishwa, nikabaki. Lydia ni muuguzi katika hospitali moja ya Saint Paul. Mumewe, Efraín, alizaliwa milimani Puerto Rico, akaja huku akiwa kijana, akawa fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto. Nyumba yao iko Champlin. Mimi nilipewa chumba cha chini.

Kwetu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawashikani mikono. Hawali meza moja, na kulala chini ya paa moja ni jambo la kuuliza wazee kwanza. Siku nilipofika uwanja wa ndege Efraín alinijia amefungua mikono, anataka kunikumbatia kama wafanyavyo kwao, Lydia akajitia katikati yetu na mtoto kifuani. Sijui alimweleza nini jioni ile. Ninachojua ni kwamba kuanzia kesho yake Efraín alisimama hatua tatu mbali nami, akainamisha macho, akasema, "Mulembe, mayi," ndiyo salamu yetu Wabukusu kwa mama, na aliitamka vizuri kuliko wajukuu zangu wa Nairobi. Akanijengea bafu langu huko chini ili tusije tukakutana kwenye korido na taulo. Hakuna aliyemwomba. Huyo ndiye mtu waliyemwandika mlevi.

Mjukuu wangu Naliaka alikuwa anakaribia miaka miwili mtambo wetu wa joto ulipozima asubuhi moja ya Januari. Lydia alikuwa kazini. Efraín akashuka na sanduku lake la vifaa, nami nikatoka chumbani kumpisha, nikakaa ngazini na mtoto nimemfunga blanketi mbili. Kazi ile aliifanya kila siku kwenye nyumba za watu, kwa hiyo nilitegemea dakika kumi. Alipiga magoti mbele ya mtambo karibu saa nzima. Alifungua kifuniko, akakifunga, akakifungua tena. Mwishowe akanigeukia na kwa mara ya kwanza akasahau kuinamisha macho. Alinitazama usoni kabisa.

"Mayi," alisema kwa Kiingereza, lugha tuliyokuwa tukielewana kwayo, "hiki kitu nakijua. Mikono ndiyo haikumbuki."

Akapanda juu, akaenda kukaa ndani ya gari gerejini mpaka fundi mwenzake alipokuja.

Lydia aliporudi nikamweleza. "Mum, amechoka," alisema. "Amefanya shifti za ziada wiki nzima."

Mimi ndiye niliyeshinda nyumbani, na mimi ndiye niliyeona. Niliona maziwa kabatini na viatu kwenye friji. Nilimsikia akiuliza jambo lile lile mara tatu kabla chai haijapoa. Kijiko kikawa "kile cha kukorogea", mwezi uliofuata kikawa "kile". Nikanunua daftari la shule, nikaanza kuandika kila kitu na tarehe. Nilipomwonyesha Lydia alilisoma amesimama, akanirudishia. "Mum, huo ni ugonjwa wa wazee. Mimi ndio nawahudumia hao. Efraín ana miaka arobaini na miwili."

Simlaumu. Mtu akiona jambo kila siku kwa wengine, kwake halioni.

Oktoba ile Efraín alikwenda kumchukua Naliaka kwa mlezi wake, mwendo wa dakika kumi na mbili. Saa mbili zikapita. Halafu mwanamke tusiyemjua akampigia Lydia kwa simu ya Efraín kutoka kwenye maegesho ya duka huko Plymouth. Gari lilikuwa limesimama katikati ya njia, Naliaka analia kwenye kiti chake, na Efraín anawauliza wapita njia kwa Kihispania nyumba ya mama yake iko wapi. Mama yake alikuwa amefariki miaka tisa nyuma.

Lydia aliwaleta nyumbani, akaketi sakafuni na koti lake. "Hawezi kudrive tena," alisema. "Na mimi ni nurse, Mum."

Ndipo tulipoanza safari za kliniki. Lydia hakuweza kubadilisha zamu kila mara, kwa hiyo mara nyingi nilikwenda mimi na Efraín, mjomba mmoja wa kanisani akituendesha.

Daktari wa kwanza alimwuliza anakunywa bia ngapi kwa wiki. Efraín akasema moja, labda mbili, Jumamosi. Daktari akasema, "Niambie tu ukweli, siko hapa kukuhukumu." Efraín akarudia. Aliulizwa mara nne. Nilikuwa kwenye kiti cha pembeni, nikahesabu. Jioni Lydia alifungua rekodi za mumewe kwenye simu, tukasoma yaliyoandikwa: mgonjwa anakanusha kutumia pombe kupita kiasi.

Mimi ni mwalimu wa lugha. Najua tofauti kati ya "hanywi sana" na "anakanusha kwamba anakunywa sana". Sentensi ya kwanza inamwamini mtu. Ya pili inamsubiri aumbuke. Na neno lile halikukaa kliniki. Kazini kwake Efraín alikuwa ameacha mtambo wa mteja umefunguliwa na kwenda kukaa nje, mkubwa wake akataka barua ya daktari, na barua ilipokwenda na neno pombe ndani yake, wakamwambia akapate msaada kisha arudi. Hakurudi tena. Miaka kumi na minane ya kuwapasha watu joto, na alikwenda nyumbani kama mtu aliyefumaniwa.

Daktari wa pili alisema ni msongo wa mawazo, kwani amepoteza kazi. Nilimwambia alipoteza kazi kwa sababu ya ugonjwa, hakuugua kwa sababu ya kukosa kazi, na tarehe ninazo. Hakuliomba daftari. Alimpa vidonge vilivyomfanya alale mchana na kunenepa tumbo, na mwendo wake ukabadilika, akawa anaburuta miguu kama aliyevaa viatu vya mtu mwingine. Tukaandikiwa kumwona daktari wa ubongo baada ya miezi saba. Theluji ilianguka, ikayeyuka, mbu wakaja, ndipo zamu yetu ikafika.

Chumba cha kungojea cha huyo wa tatu kilikuwa na picha ya ziwa na viti vya rangi ya udongo. Tulikaa saa moja na robo. Efraín alisimama kila aliposikia jina lolote likiitwa, nami nikimwambia, "Bado, baba, bado." Mwanamke mzee aliyekuwa ng'ambo yetu alifungua mkoba, akampa peremende bila kusema kitu. Namkumbuka mpaka leo.

Aliyetoa mtihani alikuwa binti mpole. Efraín alikataa kuachwa peke yake, nikaruhusiwa kukaa karibu na mlango mradi nikae kimya. Nikauliza kama kuna mkalimani. Akaangalia kompyuta yake. "Rekodi zinasema anazungumza Kiingereza," alisema.

Kweli alizungumza. Alijua Kiingereza cha kazi, cha skrubu na mabomba na "fika saa nane". Alipoambiwa ataje wanyama wote anaowajua ndani ya dakika moja, alianza na mbwa kwa Kiingereza, na paka, kisha akatumbukia katika Kihispania, akawataja farasi na jogoo na ng'ombe na mbuzi na vinyonga wa kwao, uso umemwangaza. Niliona kalamu ya yule binti. Iliandika wawili.

Baada ya wiki tatu tulirudi kwa daktari mwenyewe, safari hii na Lydia.

"Alama zake ziko chini sana," alisema. "Lakini kwa mtu ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza, na ambaye hakusoma sana, hatuwezi kuzitegemea. Rudini baada ya mwaka."

"Daktari," nilisema, "kabla ya mtihani ulijua kwamba Kiingereza si lugha yake ya kwanza?"

"Ndiyo."

"Basi siku ile mlikuwa mnapima nini?"

Akamgeukia Lydia, akamwuliza kama mimi ndiye mhudumu wa nyumbani. Lydia akasema ni mama yake. Daktari akatabasamu, akasema ni vizuri sana kuwa na msaada katika familia. Swali langu halijajibiwa hadi leo. Nimetunga mitihani maisha yangu yote. Ningempa mtoto wa darasa la nne mtihani wa Kifaransa, nikaona sifuri, nikasema sifuri hii haina maana, njoo mwakani tufanye tena, mkaguzi angenifukuza na angekuwa na haki.

Jambo moja tu la maana aliuliza yule daktari: kama kuna mwingine katika ukoo wa Efraín aliyewahi kuugua hivi. Efraín alisema hakuna. Mimi nikakumbuka kwamba kujibu swali lile kulihitaji kumbukumbu, na kumbukumbu ndiyo iliyokuwa mgonjwa. Tulipofika nyumbani nikamwambia Lydia ampigie wifi yake.

Migdalia ni dada mdogo wa Efraín, mshonaji, wakati huo akiishi Puerto Rico, lakini alikuwa amekaa Marekani bara miaka kadhaa na Kiingereza anakijua. Lydia aliweka simu mezani, sauti ikiwa wazi. Akauliza.

"Baba yetu alianza akiwa na arobaini na tatu," Migdalia alisema. "Walisema ni rum. Shangazi naye. Walisema ni mishipa ya fahamu. Bibi yetu walimfungia chumbani. Kwetu ugonjwa huo wanauita kichwa cha ukoo, na hakuna anayeutaja kanisani wala kwa wachumba."

"Ulijua," Lydia alisema.

"Nilifikiri Efraín amekwenda mbali. Nilifikiri baridi ya huko itamwepusha."

"Ulijua, ukaja kwenye harusi yangu, ukacheza."

Lydia akakata simu. Akaenda akasimama mlangoni mwa chumba ambamo Naliaka alikuwa amelala usingizi wa mchana, akakaa pale muda mrefu bila kuingia. Kwa miaka karibu mitatu hakuzungumza tena na Migdalia. Ujumbe wa lazima ulipitia kwangu.

Sasa niseme la watu wangu, maana hasira yangu siyo ya madaktari tu. Kaka yangu alinipigia kutoka Bungoma. Alikuwa amesikia. Alisema mkwe kuchanganyikiwa si ajabu, kwa kuwa mama mkwe amekaa naye nyumba moja miaka mitatu, wanasikia maji ya kila mmoja yakimwagika bafuni. "Rudi nyumbani, Felistus," alisema. "Umeleta jambo kwenye boma la binti yako." Jumapili iliyofuata, mama mmoja wa ushirika wetu wa Wakenya huko Brooklyn Park alinivuta kando baada ya ibada, akaniambia hayo hayo kwa maneno laini zaidi, kisha akaomba kuniombea.

Mimi mwanamke niliyesoma. Lakini wiki nzima nilipanga nguo zangu kwenye sanduku na kuzipangua. Nililia kwa kutojua. Nikawaza, ikiwa kuondoka kwangu kutampa akili zake, nibaki kwa nini? Nikawaza tena juu ya bibi aliyefungiwa chumbani kule milimani, ambaye hakuwahi kuwa na mama mkwe Mbukusu, na nikaona jinsi tulivyo wepesi wa kumtafuta wa kulaumiwa ilimradi awe mwanamke aliye karibu. Sanduku nikalirudisha juu ya kabati. Kaka yangu sikumpigia kwa miezi mitano.

Februari iliyofuata ndiyo iliyomaliza mjadala. Theluji ilikuwa imefunga barabara, mhudumu aliyekuwa akija asubuhi hakuweza kufika, na Lydia alikuwa amezuiliwa hospitalini kwa kuwa wa zamu ya pili hawakufika. Nikasikia Efraín akilia juu. Nilimkuta kwenye korido, amejichafua mpaka visigino, ameshika ukuta. Nilisimama. Miaka sitini na saba ya malezi iliniambia nigeuke nishuke ngazi. Kisha nikaona anatetemeka.

Nikawasha maji ya moto. Nikavua saa. Nikamwambia kwa sauti ile ninayomwambia Naliaka, "Twende, baba, tuoge." Alikuja. Alikuwa ameshasahau jina la mkewe siku mbili zile, alikuwa hajui ni mwaka gani wala yuko nchi gani. Lakini nilipoanza kumvua shati alijua mimi ni nani. Akachukua taulo, akajifunika uso wake wote ili asinione, na kutoka ndani ya taulo nikamsikia anasema, "Perdón, mayi. Perdón." Samahani, mama. Nilimwosha kuanzia mabega hadi miguu, na hakuuondoa uso wake ndani ya lile taulo mpaka nilipomaliza kumvisha. Adabu ilikuwa imebaki. Akili nyingine zote zilikwenda, hiyo ikabaki.

Nilimpigia kaka yangu siku ile ile, nikamwambia nimemwogesha mkwe wangu kwa mikono yangu, na nitamwogesha tena kesho. Halafu akauliza kama anakula vizuri.

Daktari wa nne tulimpata kwa njia isiyo ya heshima: Lydia alimsimamisha kwenye korido ya hospitali anakofanyia kazi, akalia mbele yake. Mwanamke wa makamo, si mwingi wa maneno. Alileta mkalimani, na mtihani ulikuwa wa Kihispania uliotungwa kwa Kihispania. Wanyama wote walihesabiwa, hata vinyonga. Ingawa kufikia hapo walikuwa wamebaki wanne. Alichukua daftari langu, akalisoma ukurasa kwa ukurasa huku sisi tumekaa, akauliza maswali matatu, kisha akasema ni Alzheima, ya aina inayoanza mapema, na huenda ni ya kurithi.

"Kuna ambalo lingefanyika kama tungejua mapema?" Lydia aliuliza.

"Tusingeizuia," alisema. "Ila angebaki na kazi yake kwa muda zaidi, kwa namna nyingine. Na angeweza kuamua mambo yake mwenyewe wakati bado anaweza." Akaongeza, "Na asingeitwa mlevi. Samahani kwa hilo."

Ni yeye pekee aliyewahi kuomba samahani.

Kuhusu jeni sitawaeleza, waulizeni wanaojua. Nitasema tu yaliyotupata. Damu ya Efraín ilichukuliwa mwezi Aprili. Barua ikaja Julai. Ilisema wameona badiliko katika jeni, ila maana yake haijulikani, kwa sababu watu wa asili yake ni wachache mno katika kumbukumbu zao wasiweze kulinganisha. Lydia aliisoma mara mbili, akaniambia kwa Kiswahili chepesi: vitabu vyao vimejaa watu wa Ulaya, na Efraín hayumo.

Hapo ndipo nilipokasirika kuliko siku zote. Ukoo mzima milimani unapotea kizazi baada ya kizazi, wanaitwa walevi, wanaitwa wenye mishipa, wanafungiwa vyumbani, kisha unaambiwa haijulikani kwa kuwa hawamo vitabuni. Hawamo kwa sababu hakuna aliyekwenda kuwauliza. Mtu hawezi kuhesabiwa mtoro kwenye orodha ambayo jina lake halikuitwa.

Barua ile niliituma kwa Migdalia. Sikumshauri kitu. Baada ya siku nne alinipigia. "Nimekwenda kwa binamu zangu," alisema. "Nimewaambia nimechoka kunyamaza. Watano wamekubali kutoa damu. Wawili wamenifukuza."

Yule mwanamke aliyeficha ndiye aliyekwenda nyumba hadi nyumba, na wale wawili walikubali kabla ya Krismasi. Mwaka mmoja na nusu tangu ile barua ya kwanza, ikaja ya pili: badiliko lile ndilo linaloleta ugonjwa, na kila mtoto wa mwenye nalo ana nafasi nusu kwa nusu ya kulirithi. Barua ilimalizika kwa kuishukuru familia kwa mchango wake. Wiki hiyo hiyo mtu wa utafiti akapiga simu akauliza kama wanaweza kuchukua mate ya Naliaka, ni kijiti kidogo tu shavuni, na mtoto angepewa mwanasesere. Majibu tusingepewa.

Naliaka alikuwa na miaka sita. Lydia alisikiliza mpaka mwisho. "Huyu atakapokuwa mtu mzima," alisema, "mtamwuliza yeye. Na mkichukua kitu kwake, mtampa jibu lake, akilitaka." Akaweka simu chini. Nilimwona mtoto wangu amekua.

Efraín alifariki mwezi Machi, kwa homa ya mapafu, akiwa na miaka arobaini na sita. Siku za mwisho hakuwa akisema neno la lugha yoyote. Alipenda kushikwa nyayo. Naliaka alikuwa akizishika mojamoja na kumsimulia kwa Kiingereza mambo ya shule, haelewi kwamba baba yake haelewi, au anaelewa na hajali. Saa tatu asubuhi, jua likipiga kwenye theluji inayoyeyuka nje ya dirisha, Efraín alipumua, tukasubiri, hakupumua tena.

Wewe uliye kwenye chumba cha kungojea, nina machache tu. Andika tarehe. Dai mtihani wa lugha ya mgonjwa, ukiambiwa haupo, uliza utakuwepo lini na ukae hapo hapo. Soma walichoandika juu yake, na neno likiwa la uongo dai lifutwe. La pombe lilifutwa kwenye rekodi za Efraín miezi mitatu kabla hajafa, baada ya barua zangu sita. Na upigie simu ukoo, hasa yule asiyetaka kuzungumza.

Migdalia alikuja mazishini, na hakurudi kwao. Alipanga chumba Saint Paul, akapata kazi ya kushona mapazia. Ana miaka arobaini na mmoja. Mwezi Juni aliniambia ameomba kupimwa na anataka kujua, nikamwambia nitakwenda naye. Asubuhi ya siku yenyewe nilimkuta Lydia jikoni amevaa, ameshika ufunguo wa gari.

"Nitawaendesha," alisema, basi.

Kliniki Migdalia alipewa fomu, akaanza kuijaza huku mimi na Lydia tumekaa kila mmoja upande wake. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ungekuwa wewe, mama, ungetaka kujua?" Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Akatikisa kichwa, akaendelea kuandika. Alipofika mahali panapoulizwa mtu wa kuitwa endapo kuna dharura, kalamu ikasimama. Hana mume, hana mtoto, na wazazi wote wamekwenda. Alikaa akiitazama ile nafasi tupu.

Lydia alinyoosha mkono, akaichukua kalamu kutoka kwenye vidole vyake, akaivuta fomu mapajani mwake. Akaandika jina lake na nambari yake ya simu. Palipoulizwa uhusiano, akaandika: dada. Kisha akamrudishia, na jina la Migdalia likaitwa, wakasimama wote wawili.